Noti Yenye Jeraha

Mwanzi mmoja ni riel elfu tatu.
Ndani yake mna wali wa kunata, kunde nyeusi, tui la nazi,
na saa nne za moshi machoni mwangu.
Uliinama, ukanusa, ukasifu,
kisha ukafungua zipu ya mkoba wa kiunoni
ukanitolea dola moja,
ukaniwekea kiganjani polepole, kama yai.
"Chenji baki nayo, mama."
Nilikusanya viganja kifuani, nikashukuru.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pikipiki iliyokubeba ilikwisha kupinda kwenye ukuta wa pagoda
nilipoigeuza noti ile
nikaona mchaniko pembeni, karibu na tarakimu,
usiofika urefu wa punje ya mchele.

Heng, muuza petroli ya chupa, aliinyanyua juani,
akaipapasa kwa ukucha:
"Shangazi, hii ina jeraha."
Kwenye duka la dawa mke wa Vibol hata hakuigusa,
alitikisa kichwa huku akihesabu vidonge.
Mwalimu wa jioni wa mwanangu Sophal
aliniambia, kwa adabu yote, nilete kesho nyingine.
Uso ule ule wa mzee yule yule,
macho yale yale yasiyopepesa,
lakini kwetu Battambang dola haina ruhusa ya kuzeeka.

Basi nikaenda soko kuu, kwa Bi Kimleng,
anayekaa nyuma ya sanduku la kioo
na vibunda vyake vilivyofungwa mipira.
Dola nzima ni kama elfu nne. Yangu?
"Elfu tatu na mia mbili," alisema, wala hakuinua macho.
Toa nauli ya kwenda na kurudi, elfu moja.
Piga hesabu mwenyewe, mgeni wangu:
kwa ukarimu wako
mwanzi wa elfu tatu nimeuuza elfu mbili na mia mbili.

Riel yetu haina maringo.
Inanuka samaki waliochachuliwa, inanuka jasho la wafua matofali,
ikipasuka tunaibandika utepe
na asubuhi inarudi kazini.

Mama aliishi miaka ile fedha ilipofutwa.
Noti zilitapakaa barabarani kama majani,
watu wakazikanyaga wakielekea mashambani,
na mshahara ukawa kijiko cha uji uonao mwezi ndani yake.
Riel zilipoletwa tena, alipewa moja.
Hakununua kitu siku mbili.
Alilala nayo.

Sitakudanganya.
Chini ya godoro langu ziko dola kumi na saba,
nimezipiga pasi, nimezitia kwenye daftari la Sophal.
Mwenye nyumba hataki kusikia riel,
na hospitali, ukilazwa, bei wanakutajia kwa lugha yenu.
Nami naziweka, naziogopa, nazihesabu usiku.
Sijui unaitaje hali hiyo. Mimi naiita Jumanne.

Leo alikuja msichana, kichwa chake kimeungua na jua,
mfukoni ana riel zilizokunjamana kama karatasi ya peremende.
Alinipa tatu za elfu kumi, akidhani za elfu moja.
Sifuri zimemchanganya.
Nikamrudishia. Akaona haya, akacheka, akachuchumaa
mbele ya jiko langu, akazitandaza zote juu ya jani la mgomba,
tukahesabu pamoja, muoy, pi, bei,
yeye akikosea, mimi nikimsahihisha,
Heng akitucheka kutoka kwenye chupa zake.
Mbili za elfu moja. Mbili za mia tano.
Moja ya mia tano ilikuwa na utepe katikati.
Niliipokea
bila kuitazama mara mbili.